Ukuta wa Chumba cha Eda

Nimeuza vitu vya kufunikia kuta kwa zaidi ya miaka ishirini hapa Kariakoo, na ukuta mmoja nilioufunika kwa moyo wangu wote ndio uliomtoa mama nyumbani kwake. Nalisema mapema ili mtu asidhani nataka kufundisha ujenzi. Mpaka leo wateja wanakuja dukani kuniuliza ni kitu gani kinadumu kwenye nyumba ya pwani, yenye mvua nyingi na hewa ya chumvi, nami nawajibu vizuri tu, kwa sauti ya mtu anayejua. Wakishaondoka naona aibu.

Nyumba aliijenga babu, aliyekuja kutoka Arabuni akiwa kijana. Ni nyumba ya zamani ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa, nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala dirishani. Zamani mtaa mzima ulikuwa wa nyumba za namna hiyo. Sasa imebaki peke yake katikati ya maghorofa. Barabara imeinuliwa mara nyingi mpaka mtu anateremka ndipo aingie barazani, na ghorofa la upande wa kusini lina bomba linalomwaga maji ya paa lake karibu kabisa na chumba cha wazazi wangu, kile cha mbele, ambacho dirisha lake linatazama baraza.

Baba alikuwa na dawa yake. Kila mwaka, kabla ya masika, aliloweka chokaa kwenye pipa uani, akaiacha siku kadhaa, akaichuja kwa gunia. Alikwangua ukuta pale ulipovimba, kisha akaupaka wote, nje na ndani. Mwaka ukizunguka chokaa imeshabanduka, naye anaanza upya bila kulalamika. Nilimcheka kwa miaka. Nilimwambia chokaa ni ya mabanda ya kuku na mashina ya miti ya barabarani. Mwanawe ana duka zima la vitu vya kisasa, yeye anachuja chokaa kwa gunia kama hana mtu. Hakuwa akibishana nami. Alisema ukuta huu ameuzoea nao umemzoea, kisha ananinyooshea brashi ya pili, nami nageuza mazungumzo.

Alifariki wiki chache kabla ya masika, chokaa ikiwa tayari pipani.

Siku ya tatu ya msiba mama aliniita chumbani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, upande wake wa siku zote, ule wa ukutani. Aliniambia, "Mwanangu, najua mtakuja na maneno yenu ya kunihamisha. Mimi sihami. Nitakaa eda yangu humu nilimoishi na baba yako, na Mungu akijalia nitatoka humu humu kwenda alikokwenda yeye." Nilimwambia hakuna wa kumhamisha nikiwa hai. Nilimaanisha. Yeye ndiye aliyebaki, na alilotaka lilikuwa jambo moja tu, wala halikuwa kubwa.

Dada yangu mkubwa alihamia pale kutoka Buguruni kwa ajili ya kumhudumia. Eda ni miezi minne na siku kumi. Mama alikaa ndani na nguo zake za kawaida zisizo na mapambo, bila wanja, bila manukato, hata udi haukuchomwa chumbani. Wanaume wa nje hawakumwona. Tuliokuwa tukiingia ni sisi watoto wake na ndugu wa damu, na wanawake wa mtaani waliokuja kukaa naye mchana.

Siku moja nilimuuliza dada nani atapaka chokaa mwaka huu. Alinitazama kama nimetukana. "Nyumba ina msiba, we unataka kuipaka nyeupe? Watu watasema tumefurahi." Nilikubali haraka, na sasa najua kwa nini nilikubali haraka. Nilikuwa na hamu yangu ya siku nyingi, na sikutaka chokaa tena katika nyumba ile. Pipa lilikaa uani mpaka likaganda.

Masika yalipoingia, yaliingia kupitia ukuta ule. Wiki ya pili ya mvua dada alinipeleka chumbani. Pembeni ya kitanda, kimo cha goti, palikuwa na baka jeusi la ukubwa wa sinia. Nilipoweka kiganja, ukuta ulikuwa wa baridi na laini, na nilipokitoa kilikuwa kimejaa mchanga. Mama alisema si kitu, kila mwaka huwa hivyo, baba yenu alikuwa anajua cha kufanya. Maneno hayo yaliniuma. Nikajiambia na mimi najua.

Sijawahi kuchagua kitu kwa umakini ule, na nakumbuka kila hatua, kwa sababu nilikuwa na raha ya ajabu katikati ya huzuni. Rangi ya nje sikuitaka, maana nilishaona inavyovimba malengelenge kwenye kuta za zamani. Mbao ni chakula cha mchwa. Paneli za plastiki naziuza, lakini najua zinavyokauka na kupasuka zikipigwa na jua miaka miwili. Mabati nayo yanauzika sana, ila kwa upepo wa bahari nisingemfungia mama mabati. Asubuhi moja nilienda mpaka Feri, si kununua samaki, kutazama tu ni kitu gani kinavumilia chumvi. Mabati ya vibanda yalikuwa yameliwa na kutu mpaka unaona upande wa pili. Milango ya chuma ilikuwa inamomonyoka. Lakini meza wanazokatia samaki, zilizopigwa marumaru, zilikuwa zinamwagiwa maji ya chumvi ndoo kwa ndoo, na yalikuwa yanateleza na kuondoka. Nilisimama pale nikimwangalia mwanamama mmoja akisuuza meza yake, nikasema basi, nimepata.

Marumaru, au tailizi kama wateja wanavyoziita, ndiyo mali yangu kubwa. Nilichagua zenye rangi ya maziwa, nzito, za nje. Nikamwita fundi ambaye nimefanya naye kazi miaka mingi, mtu wa makamo, mwenye maneno machache. Alizunguka upande wa kusini, akaugonga ukuta kwa ncha ya kidole, akachuchumaa akatazama msingi.

"Bosi, huu ukuta umelewa maji," alisema. "Tungeingia ndani kwanza. Tukwangue plasta yote mpaka kwenye mawe, tuuache upigwe na feni wiki mbili tatu. Ukikauka ndo tuongee habari za nje."

"Ndani hakuingiliki. Mama yuko eda."

Alivua kofia. "Aa, basi. Hapo hamna mjadala, hatuwezi kumsumbua mama. Tutapiga nje tu."

"Tukiyazuia maji nje, ndani patakauka penyewe," nilisema.

"Patakauka," alisema.

Tulikuwa watu wazima wawili, tumesoma madrasa, kila mmoja anaogopa mwenzake asimwone hana heshima mbele ya mjane. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Hakuna aliyesema, kwani mama hawezi kuhamia chumba cha upande wa pili kwa wiki tatu? Mimi sikulisema kwa sababu nyingine tena, ambayo fundi hakuijua. Vyumba vya upande wa pili, vile vikavu, nilikuwa nimevifanya stoo. Vilijaa maboksi ya marumaru zangu mpaka darini. Baba aliniruhusu miaka mingi nyuma, kwa muda, mpaka nipate nafasi kwingine. Sitasema kwamba nililifikiria hilo nikalikataa. Ni baya zaidi ya hapo, halikunijia kabisa.

Kazi ilichukua siku sita za kuvizia mvua. Mafundi walipigilia wavu kwenye ukuta mzima kwa misumari mirefu, wakapiga saruji, wakabandika marumaru kutoka chini ardhini mpaka chini ya bati, wakaziba kila mwanya. Walifanya kazi kwa kunong'onezana, kama wako wodini. Redio hawakuwasha. Fundi alikuwa akishika nyundo anagonga taratibu, kwa sababu upande wa pili wa ukuta palikuwa na mjane anasoma. Nilijivunia ustaarabu ule. Nilisema hawa ndio watu wa kufanya nao kazi.

Ulipokamilika ulikuwa ukuta wa kupigwa picha. Mvua ilishuka ikateleza juu yake, ikaondoka kama pale Feri. Watu walikuja kuuona. Jirani mmoja wa duka la jumla, mtu wa Kilimanjaro, aliupitisha kiganja akasema, "Hapo sasa umeongea, mzee. Hii ndo nyumba." Jioni baada ya kufunga duka nilikaa barazani nikawaeleza wapita njia kwa nini mabati hayafai na plastiki haifai, nikawasimulia habari za meza za samaki, nikacheka nao. Nilikuwa nimepungua sana tangu mazishi, hata chakula sikukitamani, na katika jioni zile nilirudi kuwa mtu.

Kila siku niliingia kumsalimia mama. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba. Umeshindaje?" Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango, dakika kumi, robo saa. Wiki ya pili niliona ametundika mkeka mpana ukutani, upande wa kitanda chake. Nilimuuliza wa nini, akasema baridi ya masika inampiga mgongo. Nikaona ni sawa. Chumba kilikuwa na harufu ya unyevu, lakini dirisha lilikuwa likifungwa muda mwingi na hapakuwa na udi wa kuificha, nikaona nayo ni sawa. Alipoanza kukohoa nilimletea dawa ya kifua kutoka duka la dawa. Alipoendelea kukohoa nilimletea nyingine. Nilimuuliza, "Ukuta unaendeleaje?" Akasema, "Umetulia." Dada alikuwa amesimama nyuma yake anakunja nguo, na hakuniangalia.

Kilichokuwa kinatokea ningeweza kumweleza mteja yeyote, lau angekuja kuniuliza habari za nyumba yake. Maji yale hayakuwa ya mvua ya pembeni peke yake. Yalikuwa yanapanda kutoka chini, kwa sababu barabara imeizidi nyumba kimo na ardhi yote ya pale imelowa. Miaka yote yalipanda ndani ya mawe, yakatokea nje kwenye chokaa, jua likayakausha, chokaa ikabanduka, baba akapaka nyingine. Kubanduka kule ndiko kulikokuwa kazi ya chokaa. Mimi niliyafungia maji mlango wa nje kwa saruji na marumaru bora kuliko zote dukani, yakabakiwa na njia moja, ya chumbani kwa mama.

Siku ya kumaliza eda wanawake walikuja asubuhi. Walimwogesha, wakamvalisha nguo mpya, wakampaka mafuta mazuri, ikasomwa dua. Kisha akatoka barazani kwa mara ya kwanza, ameshikwa mkono na dada. Alikuwa amekonda kuliko nilivyomwona kwenye kile kiza cha chumbani. Nilimchukua nikampeleka upande wa kusini kumwonyesha kazi yangu. Alitazama kutoka chini mpaka juu, akaweka mkono. "Umependeza," alisema. "Mwenyezi Mungu akulipe." Halafu kikohozi kikamkamata, akainama, na hakikumwachia. Nilikimbilia ndani kumchukulia kiti.

Wanawake walikuwa wameshaanza kukisafisha chumba. Mkeka walikuwa wameutoa uani. Nikauona ukuta.

Ulikuwa mweusi kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa changu. Plasta ilikuwa imevimba na kudondoka, na iliyodondoka ilikuwa imefagiwa vizuri, imerundikwa nyuma ya kitanda nisiione. Godoro upande wa mama lilikuwa limelowa, na chini ya shuka dada alikuwa ametandika mifuko ya plastiki. Nguo zilizotundikwa kwenye msumari zilikuwa na ukungu wa kijani. Nilishika kile kiti nikasahau nilikuwa nakipeleka wapi. Dada aliingia akanikuta. "Alinikataza," alisema. "Aliniapisha kwa jina la baba." Akaanza kulia, nami nilimkasirikia yeye, kwa sababu alikuwa karibu.

Hospitali walisema ni mapafu. Walimlaza siku kumi, na daktari aliniuliza mama analala wapi. Nilipomweleza, aliandika kwa muda mrefu bila kuinua kichwa, kisha akasema pale asirudi. Nilimwita fundi aje atoe marumaru zote, nikiwa bado na wazo kwamba ukuta ukipata hewa utakauka, nitaupaka chokaa mwenyewe, mama atarudi kabla ya mwezi wa Ramadhani. Zilikataa kutoka moja moja. Tulipouvuta wavu, ulikuja na mawe. Udongo uliokuwa umeyashika ulikuwa umekwisha kuwa uji. Sehemu ya ukuta kutoka katikati mpaka kwenye kona ililala chini taratibu, bila kishindo kikubwa, na tukawa tunakitazama kitanda cha wazazi wangu tukiwa tumesimama nje. Fundi alikaa chini kwenye kifusi. Hakutaka malipo ya siku ile, na tangu hapo tukikutana tunasalimiana haraka.

Nilienda kwa ustadhi wa msikiti wetu. Nadhani nilitaka aniambie kwamba tulitenda kwa nia njema. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sasa nani alikuambia mjane hawezi kubadili chumba?" aliuliza. "Nyumba ikiwa ya hatari, hata nyumba anahama. Na fundi akiingia kwa dharura, mama akakaa chumba kingine, ana kosa gani? Ungeniuliza." Alisema kwa upole kabisa. Kutoka dukani kwangu mpaka kwake ni mwendo wa kuvuka barabara mbili.

Mama sasa anaishi Buguruni kwa dada, chumba na sebule, ghorofani, makelele ya njia panda yanaingia dirishani tangu alfajiri. Analala kitanda kimoja na mjukuu. Anakwenda polepole, na ngazi zimemshinda, kwa hiyo hatoki. Nyumba ya Kariakoo tumeizungushia mabati upande ule. Wenye kutaka kiwanja wanapiga simu, na najua kuna siku nitapokea. Stoo nilizihamisha. Nafasi kwingine ilipatikana kwa siku mbili.

Kwa miezi sikumuuliza. Nilienda kila Ijumaa baada ya swala, nikamkuta anatazama nje, tukaongea habari za watu. Ijumaa moja dada alikuwa ameshuka sokoni, tukabaki wawili, na nikajikuta nimeshasema. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Neno moja tu, nilisema, neno moja ungesema ningeubomoa siku ile ile.

Alihema kwanza, maana siku hizi lazima ahesabu pumzi kabla ya kuongea.

"Nilikuwa nakusikia barazani," alisema. "Unawaeleza watu habari za ule ukuta, unacheka. Tangu tumzike baba yako nilikuwa sijakusikia ukicheka. Nikasema acha, nitavumilia, eda yenyewe inakwisha."

Nilitazama mikono yake. Kisha nikamuuliza kama ameshakunywa dawa ya mchana, akasema bado, nikainuka kumletea maji.